Vumbi la kupolishi granaiti: jirani kaja juu, vijana wanakohoa, nifunge feni au nifanyeje?

KarakanaKusini (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Nina karakana ndogo hapa Mtwara mjini upande wa Magomeni, tunakata na kupolishi mawe, kazi kubwa ni meza za jikoni na mawe ya makaburi, oda za makaburi nyingi zinatoka Masasi na Ndanda huko, na siku hizi wateja wa mjini wanataka na zile slebu za kwatsi za kiwandani (unga wa jiwe ulioshikanishwa kwa gundi) zinazoletwa kutoka Dar.

Sasa tatizo ni vumbi. Tunapolishi kavu, grainda za kawaida za umeme na pedi za almasi, basi ikifika saa nne asubuhi vijana nyusi nyeupe, vumbi liko kwenye sufuria, liko kwenye bodaboda, liko kila mahali. Kusi ikishika ndio kabisa, lote linaenda kwa bi mkubwa wa nyumba ya pili ambaye anaanika makopa, mihogo mikavu ya ugali, uani. Juzi kaja na sahani ya ugali, hakugombana wala nini, kaniambia onja mwanangu. Nikaonja. Unasaga meno aisee. Kesho yake mwenyekiti wa mtaa kapita "kunisalimia", mnajua wenyewe salamu za aina hiyo.

Halafu kuna kijana wangu mmoja anakohoa muda sasa, anasema ni mafua ya vumbi tu yataisha.

Mpango wangu nifunge feni kubwa ya ukutani itoe vumbi upande wa barabarani, na huku kwa jirani nizibe na turubai. Fundi wa feni kashaniandikia bei na sio ndogo, ndio maana nauliza kabla sijatoa hela. Mwenye uzoefu naomba ushauri, naomba kuwasilisha.

chikongola_boy
Ngoja waje wataalamu, ila kwenye makopa ya watu hapo mkuu umegusa pabaya.

MzeeWaTerazo
Kijana usitishwe. Mimi nimesaga terazo tangu ujana wangu, majengo mengi ya Lindi mjini nimepita, na mpaka leo nadunda. Dawa ni maziwa, nusu lita kila mkitoka kazini, na kitambaa kibichi puani. Feni funga, joto lenyewe hili la Mtwara nani atafanya kazi humo ndani bila feni.

NilikuwaMgodini
Shikamoo mzee wangu, lakini hapa tutabishana kidogo. Nimefanya kazi za usalama migodini kanda ya ziwa, hayo ya maziwa tuliyakuta na kule. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti. Nywa kwa ajili ya afya sawa ila halisafishi kitu. Na terazo uliyosaga wewe nadhani ilikuwa ya maji, mashine za sakafuni zile zinatembea na ndoo, ndio maana unadunda. Huyu anasaga granaiti kavu.

Mleta uzi, hilo vumbi unaloliona kwenye nyusi sio baya sana, ni zito, linatua. Baya ni lile laini usiloliona ambalo linaelea hewani masaa hata baada ya kuzima mashine, na ndilo linafika chini kabisa kwenye mapafu. Ndani yake kuna silika, yale madini yaliyomo hata kwenye mchanga. Marumaru ya jiwe la asili silika yake ni kidogo, granaiti inaweza kuwa na robo mpaka karibu nusu, na hizo kwatsi za kiwandani nyingi zinapita asilimia 90. Australia wameshazipiga marufuku tangu Julai 2024 kwa sababu vijana waliokuwa wanazikata kavu walikuwa wanaugua mapafu ndani ya miaka michache tu. Wewe unazisaga kavu kwenye chumba, tena unataka kuweka feni.

Feni haitoi vumbi, inalitembeza. Itatoa la juu juu kumwagia wapita njia, lingine itaendelea kulizungusha puani kwa vijana, halafu kusi ikigeuka inakurudishia lote ndani. Ile hela ya feni hamishia kwenye maji. Vumbi linauliwa pale pale pedi inapogusa jiwe, likishapaa umechelewa.

KarakanaKusini
Shukrani mkuu, umeniamsha. Ila maji ninayaogopa kwa sababu mbili. Grainda zangu za umeme, mtu kashika umeme huku anamwagiwa maji si nitamuua kabla ya hilo vumbi? Pili maji yenyewe ya mgao, siku yapo siku hayapo, nitaweza kweli?

jiwe_Lindi
Hapo kwenye umeme umeongea la maana na wengi wanafanya ujinga huo, kijana mmoja anasaga mwingine kashika chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko anamwagia. Msifanye hivyo. Grainda ya kawaida haikutengenezwa kwa maji, na hata spidi yake sio, ile ndogo ya inchi nne inazunguka kama mara elfu 11 kwa dakika, pedi za kupolishi nyingi hazitakiwi kuvuka elfu nne na kitu. Ndio maana pedi zinakuishia haraka na jiwe linaungua, ukiangalia granaiti nyeusi unaona kama ukungu hautoki hata ukifika pedi laini kabisa ya 3000. Sio pedi feki kama mnavyosema, ni spidi na ukavu.

Tafuta mashine ya kupolishia ya maji, ina mrija unaingiza maji katikati ya pedi na spidi inarekebishika. Zipo za umeme na za upepo. Za upepo ndio salama zaidi kwenye maji ila zinakula upepo vibaya, kompresa ya lita 50 ya kujazia matairi haitoboi, utakaa unasubiri ijaze. Ukichukua ya umeme hakikisha fundi umeme anafunga breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na ardhi ya ukweli sio waya umefungwa kwenye nondo ya dirisha. Waya zining'inie juu, zisilale kwenye maji. Mabuti ya mpira. Na usinunue mashine nne kwa mpigo, anza na moja na kwatsi zote zipite kwenye hiyo.

Maji ya mgao sio kisingizio, mimi huku Mitwero nazungusha maji yale yale. Sakafu nimeipa mteremko, maji yanaenda kwenye pipa la kwanza, tope linatuama, yanamwagikia la pili kwa juu, kisha la tatu, humo kuna pampu ndogo inarudisha kwenye mashine. Naongezea yanayopotea tu. Ila lile tope lisikauke!! Likikauka ukafagia umerudi kule kule. Lichotwe likiwa bichi, liingie kwenye salfeti, lifungwe. Usimwage mtaroni, linaganda na mwenyekiti wako atakuja kukusalimia tena.

KarakanaKusini
Hiyo ya ukungu kwenye granaiti nyeusi umenitajia ugonjwa wangu kabisa, kuna jiwe la kaburi mteja kalikataa kwa hilo hilo. Na ile kazi ya kwenda kufunga kwa mteja, mnamalizia kona ndani ya nyumba yake, hapo maji nayapeleka wapi?

NilikuwaMgodini
Kona nyingi malizia karakana, pima vizuri kabla hujatoka. Ikishindikana kabisa toka nje na jiwe. Kuna vifuniko vya grainda vinavyozunguka pedi, unaunganisha na vakyumu yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini, vinafanya kazi vizuri vikikaa sawasawa. Vakyumu ya kawaida ya nyumbani usijaribu, inavuta kubwa mbele inatema laini nyuma.

Hata ukiwa na maji barakoa wavae, kwa sababu matone yale yanabeba vumbi pia. Sio zile za bluu za enzi za korona, hizo kwa kazi hii ni pambo. N95 au FFP2 kwenda juu, au za mpira zenye vichujio viwili pembeni. Mwenye ndevu hewa inapita pembeni, anyoe au akubali kuwa hajavaa kitu. Mnawaona watu wanaopulizia salfa kwenye mikorosho wanavyojifunga, na salfa unaiona na unaisikia harufu, hili huoni na hunusi. Na kile kitendo cha kujipulizia nguo kwa kompresa jioni kikome leo leo.

NesiWaKusini
Mimi nimekuja kwa huyo kijana anayekohoa maana naona mmempita haraka. Kikohozi kikifika wiki mbili aende kupima TB, vituo vya serikali ni bure. Silika ikikaa kwenye mapafu TB inampata mtu kirahisi zaidi, na silikosisi yenyewe, ule ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na silika, haina dawa ya kuiondoa, kovu likishakaa limekaa, na linaweza kuendelea hata akiacha kazi. Wenzetu wa migodi ya Mererani wanalijua hili, hospitali ya Kibong'oto imehudumia wachimbaji wengi.

Nenda nae hospitali ya Ligula mwenyewe, tena aseme wazi kwamba anasaga mawe, asiseme tu "nina kifua". Daktari asipojua kazi yako atakuandikia dawa za kikohozi utarudi nyumbani. Wote wapigwe eksirei na kile kipimo cha kupuliza, hata wasiokohoa, maana mwanzoni mtu hasikii kitu. Na kwa sasa huyo mtoe kwenye kusaga, apokee wateja.

binti_mikindani
Kaka na wewe una mke? Nani anafua hizo ovaroli? Kama zinaenda nyumbani na watoto wanakurukia ukifika basi na wao wanakula vumbi. Nguo zibaki kazini, zilowekwe kabla ya kufikichwa.

Na kisheria umebanwa, usisubiri uchongewe. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi, na awapime afya. OSHA, wale wakala wa serikali wanaosimamia sheria hiyo, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara, nenda kabla hawajaja. Na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, uwe unalipa michango kwa ajili ya vijana wako, kijana akiugua kwa sababu ya kazi wao ndio wanafidia. Najua utasema ni gharama.

MzeeWaTerazo
Nimesoma yote. Kweli zile mashine zetu zilikuwa za maji. Maziwa siachi lakini.

KarakanaKusini
Mzee wangu maziwa kunywa tu hakuna anayekukataza. Wakuu nimewaelewa, feni nimeghairi, nimeshampigia fundi. Kwatsi nimesimamisha mpaka mashine ya maji ifike, zinabaki za mawe ya kawaida na tunazitoa nje upande ambao upepo hauendi kwa bi mkubwa, barakoa nimeagiza. Kesho asubuhi naenda Ligula na dogo, amekubali kwa shingo upande. @jiwe_Lindi nakuja PM unipe jina la hiyo pampu, na mwenye mapipa ya plastiki ya lita 200 Mtwara mjini aniambie bei.

chikongola_boy
Mapipa yapo kwa wanaouza mafuta ya kula sokoni, usichukue yaliyowekewa dawa za mikorosho hata kama ni bei chee. Na kwa bi mkubwa peleka debe la makopa mkuu, mwenyekiti hataonekana tena.

jiwe_Lindi
Njoo PM. Pampu ya maji machafu sio ya kisima, ya kisima itakufa wiki ya kwanza na hilo tope.