Zawadi za Krismasi za kutengeneza kwa mkono: kipi kianze Januari, na kipi kisubiri?

Mama wa Majengo, Moshi
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kila Desemba ukoo wetu hukutana Marangu, na wanaoishi Dar es Salaam hupanda na watoto wao, hivyo watu wa kuzawadiwa ni wengi kuliko mshahara wa mwezi mmoja unavyoweza kumudu, hasa ukikumbuka kwamba mahitaji ya shule ya Januari yako njiani. Nimeamua kutengeneza zawadi mwenyewe, kidogo kidogo mwaka mzima. Nalinganisha kufuma kwa kroshia, sabuni za vipande, na kahawa ya shambani kwetu. Naomba mnishauri kwa kuzingatia gharama na namna kila kimoja kitakavyostahimili kukaa hadi sikukuu.

Mfumaji wa Pasua
Shikamoo, Mama. Mimi naanza na kroshia bila kusita, kwa sababu ndiyo kazi pekee kati ya hizo tatu ambayo haiharibiki ikianza Januari, na unaweza kununua uzi kwa awamu kadiri fedha inavyopatikana. Hata hivyo, uzi mpya ni ghali. Nenda soko la Memorial hapa Moshi, utafute sweta za mitumba za kufumua, lakini kabla ya kulipa igeuze sweta ukague mishono ya pembeni. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa uzi, utapata uzi mrefu usiokatika. Ikiwa kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, iache, kwa maana kila mstari utakatika ufikapo ukingoni na utabaki na vipande vifupi visivyo na faida. Iache pia sweta ya sufu iliyosinyaa kwa kufuliwa na maji ya moto, kwani nyuzi zake zimeshikana na hazifumuki tena. Ukishafumua, zungusha uzi uwe duara kubwa, uufunge sehemu kadhaa, uuoshe kwa maji vuguvugu na kuuning'iniza hadi ukauke, mikunjo itanyooka.

Mama wa Majengo, Moshi
Marahaba, mwanangu. Je, sweta za watoto?

Mfumaji wa Pasua
Za watoto ziache hadi Oktoba, Mama, na uzifume kubwa kuliko mtoto alivyo, kwa kuwa kipimo cha Februari hakitamtosha Desemba. Miezi ya mwanzo itumie kwa vitambaa vya makochi na vya meza, ambavyo havina kipimo cha mtu. Kofia nazo ni salama kiasi, kwa sababu mtoto akishapita uchanga kichwa hakikui haraka, na ufumaji wake huvutika.

Msabuni wa Sakina, Arusha
Naomba nitofautiane kidogo na wanaodhani kwamba sabuni nayo ikianza mapema ndiyo bora. Sabuni inayotengenezwa bila kupikwa inahitaji wiki nne hadi sita za kukaa kwenye hewa ili ikauke na kuwa ngumu, lakini ikikaa mno, hasa ikiwa na mafuta mengi ya alizeti, mafuta huanza kuchacha, madoa ya rangi ya machungwa hujitokeza na harufu inageuka. Mafuta ya nazi na mawese hustahimili zaidi. Isitoshe, ukitengeneza wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, unyevu hufanya vipande vitoe jasho na kuchelewa kukauka. Kwa hiyo mimi huona Septemba ndiyo mwezi wake. Na tafadhali, Mama, kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imwagwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Vaa glovu, kinga macho, na watoto wasikaribie. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila.

Mkulima wa Kibosho
Kahawa ndiyo zawadi inayoheshimika kuliko zote hapo, nasema bila kuona haya, ingawa ndugu zako wa Marangu wanayo shambani na hawatashangaa. Ni ya wale wa Dar es Salaam. Kwetu mavuno huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi karibu na mwisho wake. Hifadhi kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa vizuri ikiwa bado na ganda lake la ndani, mahali pakavu pasipo na harufu ya mafuta ya taa wala vitunguu. Ikiwa hivyo itakaa miezi bila shida. Iliyokaangwa hupoteza harufu haraka, na iliyosagwa hupoteza haraka zaidi. Itwange kwenye kinu ili ganda hilo litoke, uipepete, kisha uikaange wiki ya mwisho kabla ya sikukuu. Usiizibe siku hiyo hiyo, maana kahawa mpya hutoa gesi na itauvimbisha mfuko.

Dada wa Njiro, Arusha
Shikamoo, Mama. Niongeze shanga, ambazo hukuzitaja. Bangili moja huisha jioni moja, haiozi, wala haina saizi ngumu ukiiwekea kifungo cha kurekebisha. Shanga za kioo hapa mjini zinauzwa kwa kupimwa, hivyo huhitaji kununua nyingi. Kwa wajomba na babu haifai, nakubali.

Mama wa Majengo, Moshi
Marahaba, na asanteni nyote. Nitaanza na vitambaa, sabuni itasubiri Septemba. Mwanangu wa Pasua, vitambaa vilivyokamilika niviweke wapi hadi Desemba?

Mfumaji wa Pasua
Vioshe na kuvianika kwanza, Mama, kisha vikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu panya hupenda sana uzi wa kulalia.