Naomba ushauri: paka wangu ana mzio wa chakula

Habari zenu wapendwa. Paka wangu wa miaka 4 anajikuna shingoni mpaka manyoya yamenyonyoka, ngozi imebaki nyekundu yenye vigaga. Viroboto hana, tumeshamtibu. Daktari wa mifugo anahisi ni mzio wa kuku au samaki, vitu alivyozoea tangu utotoni. Kasema nimpe nyama ambayo hajawahi kuionja, hiyo tu, kwa wiki 8, bila hata tonge la kitu kingine. Nimefikiria sungura, ila pakiti kadhaa zilizoandikwa "sungura" ukisoma nyuma unakuta kuku yumo! Je, ninunue chakula cha protini iliyovunjwavunjwa (vipande vidogo sana ili mwili usiikatae), au nimpikie mwenyewe? Nikimpikia, taurini, kile kirutubisho ambacho paka hatakiwi kukikosa, ataipata wapi? Aliyepitia hili anisaidie jamani, usiku silali nikimsikia anavyojikuna.