JAMANI, MTU ANATOA KALKULETA KATIKATI YA JOKA???

Binti_Mkunazini, saa 5:48 usiku

Sijalala. Mikono inanitetemeka na naandika hivyo hivyo, makosa mtanisamehe. Simtaji, mnamjua. Yule msimulizi wetu wa Ijumaa barazani, anayetuendeshea Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi ambao kila mtu ana mhusika wake na dadu ndiyo inaamua, mwenye kalkuleta mfuko wa mbele wa kanzu kama daktari na kipimo chake.

Leo kaniulia Mwanaupepo wangu. Miaka miwili namlea! Mpiganaji, daraja la 12, pointi za uhai 131. Nimemchora kwa mkono wangu, na penseli ya manjano ilipokwisha kilemba chake nikakipaka bizari. Mpaka leo ile karatasi inanukia.

Tuko juu ya mgongo wa joka. Chini jahazi linawaka, nahodha kafungwa mlingotini. Nikasema, "Naruka." Baraza zima likapiga kelele, hata muuza kahawa akasimama na dele lake mkononi. Ndipo mtu akatia mkono mfukoni. Akatoa kalkuleta. AKAIPULIZA VUMBI. Tip, tip, tip. "Futi 200 ni mita 61. Sekunde tatu na nusu. Unafika sitahani na mwendo wa kilomita 125 kwa saa. Amekufa." Dadu hata sijarusha! Kisha akanitazama mbele za watu, akanambia: "Dada, skuli ulisoma nini?"

Skuli ulisoma nini. Mie naambiwa hivyo, na kikombe cha kahawa nimemnunulia mie.

Kitabu cha Dungeons & Dragons toleo la 5 kilikuwa pale pale juu ya jamvi. Kila futi 10 unazoanguka, dadu moja ya pande 6, jumla yake inakatwa kwenye pointi za uhai, na mwisho wake dadu 20, hata uanguke kutoka mwezini. Haya, zote 20 ziangukie sita. Ni 120. Mwanaupepo ana 131. Anabaki na 11! Anasimama, anakung'uta kanga, anamfungua nahodha wake! Hesabu ya darasa la tatu, haitaki kalkuleta.

Na hilo joka je? Refu kama daladala mbili, zito kuliko ndovu, linapepea kama kipepeo na kutema moto, na hajalipigia hata jumlisha moja. Joka linaruka kwa hadithi, mie naanguka kwa fizikia? Na ile kuipuliza vumbi, jamani. Mtu anaipuliza kwanza ili akuue vizuri.

PwezaMkavu
Pole shoga. Lakini futi 200 ni juu kuliko nyumba za Michenzani ukizipandanisha mbili. Mtu akiruka huko hatuulizi dadu, tunauliza maziko saa ngapi.

Binti_Mkunazini
Weye hukuwepo! Hukumwona alivyopuliza!

Ami_Kahawa
Mwanangu, usilie. Binadamu wa kweli kaanguka zaidi ya hapo akapona. Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia, Januari 1972, mita 10,160 bila parashuti. Mwambie huyo bwana ampigie hesabu na yeye.

Fundi_wa_Wete
Ami, yule bibi alikuwa ndani ya kipande cha ndege, na kiliangukia mlima wenye theluji. Mwanaupepo kaangukia mbao.
Ila kwa joka, mwenye uzi ana haki. Galileo kalieleza tangu 1638. Ukimkuza mnyama mara 2 kila upande, uzito wake unapanda mara 8, lakini mkato wa mfupa unaoubeba uzito huo unapanda mara 4 tu. Joka la namna ile kusimama kwenyewe ni taabu, seuze kuruka. Akitaka fizikia, basi joka lidondoke kwanza na abiria wake wote.

PwezaMkavu
Kwa hiyo Mwanaupepo kafa vile vile 😂😂😂

Binti_Mkunazini
FUNDI UKO UPANDE GANI??? "Skuli ulisoma nini." Bado nayasikia masikioni.

bi_kidadu
Nyie mna raha. Wetu wa Chake anapima mizigo! Jitu tumepigana nalo Ijumaa nne, tumebaki wawili, mmoja mguu umevunjika. Hazina sarafu 10,000. Akasema sarafu 50 ni ratili 1, haya, bebeni ratili 200. Tukaiacha zaidi ya nusu pangoni. Nimelia kwa dhahabu ya kwenye karatasi.

Mzee_Keram
Hiyo ya sarafu imo kitabuni, bi kidadu. Hana kosa.

bi_kidadu
Ushakuja na wewe. Nani kakuita?

Nyangumi_Nungwi
Hamjaona kitu. Mchawi wetu kapiga mpira wa moto ndani ya pango. Msimulizi kasema moto umekula hewa yote, hamna ya kuvuta, nyote mmekufa, kwaherini. Saa mbili na robo usiku! Ndio kwanza tumekaa! Na mie nimepika mkate wa kumimina wa watu sita.

PwezaMkavu
Mkate ulibaki?

Nyangumi_Nungwi
Ubaki wapi, kala yeye vipande vinne. Vya kati.

Binti_Mkunazini
Jamani, Mwanaupepo. Tuko kwa Mwanaupepo.

Ami_Kahawa
Nyangumi mwanangu, mchele unauroweka usiku kucha au unatumia unga wa dukani?

Nyangumi_Nungwi
Usiku kucha, ami. Na tui zito. Unga wa dukani sigusi.

Mzee_Keram
Wangu kila siku unabonyea katikati. Mke wangu anasema hamira, mie nasema moto.

bi_kidadu
Moto huo, mzee. Makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache. Mie natia hamira kijiko kimoja tu na unaumuka mpaka unamwagika.

Binti_Mkunazini
Kaipuliza vumbi...

Fundi_wa_Wete
Bi kidadu, sufuria yako ina upana gani, na unamimina mpaka wapi?