Mjadala: Je, anayegawa intaneti ya simu "isiyo na kikomo" ni mwizi?

Naomba tujadili kosa ambalo wakuu wa kampuni za simu wamelipa jina zito la wizi. Agosti 2015, John Legere, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa T-Mobile ya Marekani, alitangaza kwamba angewashughulikia wateja wa kifurushi kisicho na kikomo waliokuwa wakificha hotspoti zao, yaani kugawa intaneti ya simu kwa kompyuta na vifaa vingine. Kifurushi hicho kilimruhusu mteja kutumia data atakavyo kwenye simu yenyewe, ila data ya kugawia vifaa vingine iliwekewa mpaka wa gigabaiti 7 kwa mwezi. Kwa maelezo yake, wahusika walikuwa kama 3,000 tu, na baadhi yao walifikia terabaiti 2 (gigabaiti 2,000) kwa mwezi.

Sitawatetea watu hao kwa kila jambo. Terabaiti 2 ukizigawa kwa siku 30 unapata takriban megabiti 6 kila sekunde, usiku na mchana, na masafa ya mnara (mawimbi ya redio yanayobeba data) ni ya wote wanaouzunguka. Tena hawakukosea kwa bahati mbaya. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, hubeba hesabu ya hatua inazoruhusiwa kupita, na hesabu hiyo hupungua kwa moja inapotoka kwenye kompyuta na kupitia simuni. Kampuni huitumia kumbaini anayegawa intaneti, na anayeirekebisha anajua anamficha nani nini.

Ninachopinga ni mahali mpaka ulipowekwa. Mnara hauelemewi zaidi kwa sababu data inaishia kwenye kompyuta badala ya simu. Gigabaiti 50 za video zinazotazamwa simuni saa mbili usiku, mtandao ukiwa umefurika, huwaumiza majirani kuliko gigabaiti 50 zinazopakuliwa kwa kompyuta saa tisa usiku wengi wakiwa wamelala. Ikiwa shida ni msongamano, basi apunguziwe kasi yeyote anayetumia sana pale mnara unapoelemewa, na aachwe mnara ukiwa na nafasi. Mpaka wa kifaa ni wa kibiashara: kampuni ilikadiria kwamba mtu hawezi kumaliza data nyingi kwa kioo kidogo, ikauza neno "bila kikomo" kwa kutegemea makadirio hayo. Yalipokosea, lawama ikahamishiwa kwa mteja.

Kisa cha Verizon, kampuni nyingine ya simu ya Marekani, kinaonyesha hivyo waziwazi zaidi. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 1.25 ili kumaliza uchunguzi wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, iliyochunguza jinsi programu za kugawa intaneti zilivyozuiwa kwenye duka la programu, ilhali masafa ambayo Verizon iliyanunua yalikuja na sharti la kutozuia programu na vifaa vya wateja. Baada ya hapo, wateja waliolipia data kwa kipimo waliweza kutumia programu hizo bila ada ya ziada. Hilo ni sawa kabisa: aliyenunua gigabaiti 5 amezinunua, azitumie kwenye kifaa akipendacho.

Najua nitajibiwa kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba mpaka wa hotspoti uliandikwa humo. Nakubali, na kwa sababu hiyo kampuni ina haki ya kumwondoa mteja kwenye kifurushi baada ya kumwonya. Lakini kama maandishi madogo yanambana mteja, basi na neno kubwa la tangazo liibane kampuni. AT&T, nayo kampuni ya simu ya Marekani, iliwapunguzia kasi wateja wa data isiyo na kikomo, ikashtakiwa mwaka 2014 kwa kutowaeleza ipasavyo, na mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 60. Sijasikia mkuu wa kampuni akiliita hilo wizi.

Anayeona nimepotoka anijibu hili: ikiwa watu 3,000 wanatosha kuutikisa mtandao, je, kifurushi hicho kiliuzwa bila kikomo kwa kigezo gani?