Nimeacha mita 60 za mto kama sheria inavyotaka, kijiji kinaniandikia barua nifyeke "pori"!

Wakuu, salaam. Niko Iringa, bonde la Ruaha Mdogo. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nimeletewa barua yenye mhuri wa kijiji. Inanitaka "kusafisha pori" lililo ukingoni mwa mto ndani ya shamba langu, la sivyo faini. Sababu zao: linafuga nyoka, linafuga ngedere wanaokula mahindi ya watu, na linaonyesha shamba limetelekezwa. Limetelekezwa! Hilo pori nimeliacha makusudi. Kuna mikuyu, kuna mivengi (miti yetu ya asili ya kando ya maji) ya tangu enzi za babu, kuna matete. Jembe langu halivuki pale.

Sasa nielewesheni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zile zinazoharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ndiyo hiyo hiyo waliyosomewa akina mama wa vinyungu, bustani zile za bondeni, walipoambiwa waondoke mabondeni. Mimi niliyeitii ndiye ninayeandikiwa barua. Jirani yangu wa juu analima nyanya hadi maji yanamlowesha viatu, na hajaulizwa neno.

Jirani namuelewa kidogo, niseme ukweli. Ekari huku ni sabini kwa sabini. Mwenye ekari moja iliyolala mtoni akitoa mita 60 anabaki na kipande cha mita kumi cha kulisha watoto, na fidia hakuna. Mimi shamba langu ni refu, linashuka kutoka barabarani, ndiyo maana nimeweza. Kwa hiyo sina ugomvi na mwenye kinyungu cha mboga. Ugomvi wangu ni sumu. Tangu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, aingie nchini watu wanapiga dawa kwenye nyanya bila kupumzika, wanachanganya dawa tatu kwenye bomba moja, na bomba likiisha linaoshewa wapi? Mtoni! Makopo yanaachwa hapo hapo. Kambare wakielea tunaambiwa eti maji yamechafuka kwa mvua. Mvua gani, Iringa, mwezi wa tisa?

Na hilo pori mnalolitukana linawafanyia kazi bure. Nyigu wanaojenga kwenye matete ndio wanaobeba viwavi mashambani kwenda kulisha makinda yao. Bundi anayelala kwenye mkuyu anakula panya wa ghala lako (najua, mtasema ni wa kichawi, mkimwona mnampiga mawe, kisha mnakwenda mnadani kununua sumu ya panya). Maboga, matikiti, alizeti, vyote vinataka nyuki, na nyuki hakai kwenye shamba lililokwanguliwa hadi ukingoni. Ngedere ni kweli wapo. Hata mahindi yangu wanayala. Lakini walikuwepo kabla ya mahindi yetu, na ukifyeka huo ukanda hawatahamia Dodoma, watazidi kuingia mashambani maana matunda ya mikuyu na mivengi hayapo tena.

Halafu kuna udongo. Masika yakishuka, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni yanamwaga tope moja kwa moja mtoni, huku matete yangu yanalikamata. Tope hilo linafuata Ruaha Mdogo hadi Ruaha Mkuu, kisha linatua bwawa la Mtera. Mtera ni megawati 80, na maji yake ndiyo yanayoteremka kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Umeme ukikatika tunawatukana mafundi. Na asije mtu hapa kuniambia viboko wanaobanana kwenye madimbwi ya hifadhi ya Ruaha kila kiangazi ni shauri letu: maji yetu yanaingia mto mkubwa chini ya hifadhi. Kule ni habari ya bonde la Usangu, juu ya hifadhi, na mashamba yake ya mpunga, mto umekuwa ukikauka tangu 1993, ila ugonjwa ni ule ule.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kampeni ya miti. Ulikuja msafara, fulana mpya, spika, hotuba ndefu juani. Wakapanda nini kando ya chemchemi yetu? Milingoti, yaani mikaratusi! Mti unaokunywa maji namna ile, mnaupeleka kwenye chanzo cha maji? Chemchemi iliyokuwa ikituvusha kiangazi chote sasa inakata mapema, na chini ya ile milingoti hata chura humsikii. Nikauliza kwa nini wasilete miche ya mivengi, nikajibiwa miche iliyopo kitaluni ndiyo hiyo. Sawa. Halmashauri ina lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, lazima itimie kwenye taarifa. Mvengi uliojiotea wenyewe shambani kwangu haumo kwenye taarifa, haukupigwa picha na mgeni rasmi, kwa hiyo ni pori.

Nilikwenda kwa mtendaji na nakala ya kifungu mkononi. Akaniambia sheria ile inahusu "kulima", mimi naambiwa kufyeka tu. Jamani!

Wanasheria mlioko humu, mtu anaweza kutozwa faini ya kijiji kwa kutolima ukingo wa mto? Nianzie kata, bodi ya maji ya bonde, au niende moja kwa moja NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa? Barua imenipa hadi mwisho wa mwezi. Panga sijalinoa na sitalinoa.