LDL ya mzee imeshuka, ila ana kisukari. Tutulie?

mwanambagala: Wakuu salaam, na shikamooni wakubwa. Mzee ana miaka 58, kisukari mwaka wa 12, na presha. Anatumia metformini na glibenklamaidi za sukari, na amlodipini ya presha. Vipimo vya wiki hii, kwa mmol/L: kolesteroli yote 5.2, HDL (kolesteroli "nzuri") 0.8, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 3.3, LDL (kolesteroli "mbaya") 2.9. Nyumbani wamefurahi kwamba LDL haikuwekewa alama ya hatari. Naombeni ushauri.

mpimadamu: Msitulie, mkuu. Hiyo 2.9 inaelekea haikupimwa, imepigwa hesabu: 5.2 toa 0.8, kisha toa 3.3 iliyogawanywa kwa 2.2. Ni kanuni ya Friedewald ya 1972. Inachukulia kwamba uwiano wa trigliseridi na kolesteroli ndani ya VLDL (chembe za ini zinazobeba trigliseridi) haubadiliki, jambo ambalo kwa mwenye kisukari si kweli. Trigliseridi zikivuka 4.5, jibu lake ni la kutupa.

Fanyeni hesabu isiyo na makisio: kolesteroli yote toa HDL. Mnapata 4.4. Hiyo ndiyo kolesteroli iliyomo kwenye chembe zote zinazoziba mishipa: LDL, VLDL na masalia yake. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unamweka mgonjwa wa aina hii, kisukari miaka 10 na zaidi pamoja na presha, kwenye hatari kubwa: hesabu hiyo iwe chini ya 2.6, na LDL chini ya 1.8. Kwa hiyo hata hiyo LDL yenyewe iko juu kwake. Alama za kwenye karatasi huwekwa kwa watu wote, hazijui kama mpimwaji ana kisukari.

tabibu_zamu: Naongezea kwa nini LDL inadanganya hapa. Insulini ikishindwa kazi, mafuta ya mwilini humwaga asidi zake kwenye damu, ini linazipokea na kutengeneza VLDL kubwa zilizojaa trigliseridi. Protini iitwayo CETP inabadilishanisha mizigo: trigliseridi zinahamia kwenye LDL na HDL, kolesteroli inakwenda VLDL. Kisha kimeng'enya cha ini kinazimeng'enya trigliseridi hizo, LDL inabaki ndogo na nzito. Ini haliikamati vizuri, inazunguka muda mrefu, inaoksidika upesi na kujipenyeza ukutani mwa mshipa. HDL iliyopitia hayo huondolewa haraka. Ndiyo hiyo 0.8.

Magunia 30 yakitoka Kariakoo kwa lori moja au kwa maguta kumi, hesabu ya magunia ni ile ile. LDL ya kwenye karatasi inahesabu magunia, yaani kolesteroli. Mshipa unaumizwa na wingi wa maguta, yaani chembe zinazoibeba.

Kuyahesabu maguta, kipimo ni apo-B, kwa sababu kila chembe ya LDL au VLDL hubeba molekuli moja tu ya protini hiyo. Kwa mzee iwe chini ya 80 mg/dL. Kikikosekana au bei ikiwashinda, tumieni ile hesabu ya mpimadamu, haina gharama. Na kwa faida ya wasomaji wengine: sisi Waafrika mara nyingi trigliseridi hubaki kawaida hata insulini ikiwa imeshindwa, kwa hiyo trigliseridi nzuri pekee isimpe mtu amani.

mfamasia_k: Msikimbilie dawa ya kushusha trigliseridi peke yake. Utafiti wa PROMINENT (2022), wagonjwa wa kisukari zaidi ya 10,000: pemafibrati ilishusha trigliseridi kwa kama robo, apo-B haikushuka, na mishtuko ya moyo haikupungua. Mwulizeni daktari wake kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli. Mwenye kisukari aliyevuka 40 kwa kawaida huanzishiwa. Mwambieni anatumia amlodipini, maana simvastatini ikikutana nayo haitakiwi kuzidi mg 20, misuli inaweza kuathirika. Atorvastatini haina kikomo hicho. Kabla ya kuanza apimwe ALT (kipimo cha ini), na TSH pia (kipimo cha tezi ya shingoni, thairoidi), kwani tezi hiyo ikiwa dhaifu hupandisha mafuta. Vipimo virudiwe baada ya wiki 8 hivi.

Siku ya kipimo, akiambiwa afunge saa 10 hadi 12, maji anywe, lakini glibenklamaidi asimeze na tumbo tupu. Aende nayo, ameze akila. Sukari ikishuka kwenye foleni ya maabara ni hatari ya papo hapo.

Chakula: kwa trigliseridi anzeni na soda, juisi ya miwa, sukari ya chai na bia, kisha mlima wa wali. Tui la nazi linagusa zaidi LDL.

mwanambagala: Asanteni sana. Nimepata karatasi ya mwaka juzi, iko kwa mg/dL: kolesteroli 190, HDL 42, trigliseridi 150, LDL 118. Nalinganishaje?

mpimadamu: Kupata mmol/L, kolesteroli za aina zote (ya jumla, HDL na LDL) gawa kwa 38.7, trigliseridi gawa kwa 88.6. LDL ilikuwa 3.05, sasa 2.9: imeshuka. Trigliseridi zilikuwa 1.7, sasa 3.3. Kolesteroli yote toa HDL ilikuwa 148, yaani 3.8, sasa ni 4.4. Mpelekeeni daktari karatasi zote mbili, na mumwonyeshe kwa kalamu hizo mbili za mwisho: trigliseridi, na kolesteroli yote toa HDL.