Mteja wa Ujerumani anataka cheti cha FSC kwenye mpingo, nianzie wapi?

Mpasua_Lindi: Wakuu habari za saa hizi. Nina karakana ndogo huku Lindi, napasua mpingo vipande vya kutengenezea klarineti, leseni ninayo, vibali vya TFS (wakala wa misitu wa serikali) viko sawa, TP (kibali cha kusafirisha) kila mzigo. Sasa nimepata mteja Ujerumani bei yake inamzidi mbali dalali niliyezoea ila anasema bila FSC, kile cheti cha misitu inayotunzwa vizuri, hachukui, akataja na CITES na sheria mpya ya Ulaya mpaka kichwa kinauma. Kibali cha serikali hakitoshi? Na hela ya hicho cheti itarudi kweli?

KilwaKwetu: Mkuu usivichanganye. CITES ni sheria, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mpingo na ndugu zake wa jenasi ya Dalbergia karibu wote waliingia Kiambatisho II, orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali, Januari 2017 kwahiyo vipande ghafi havitoki nchini bila kibali chao. Mwaka 2019 wakalegeza kwa ala za muziki zilizokamilika, yani klarineti inavuka mpaka bila hicho kibali ila kipande chako wewe bado, na hilo linaniuma sana maana mwenye mti ndo anabaki na makaratasi. FSC ni hiari, ila mnunuzi akiitaka utafanyaje.

binti_misitu: Usijaribu kuomba cheti cha msitu peke yako, ukaguzi unarudi kila mwaka na unalipia. Vijiji vya Kilwa vilipita kwa cheti cha kundi chini ya MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, Kikole na Kisangi ndo walianza 2009, misitu ya asili ya vijiji ya kwanza Afrika kupata FSC. Nunua gogo kwenye vijiji vya hivyo, hela inaingia kijijini na wanakijiji wanaulinda msitu wao wenyewe.

Mpasua_Lindi: Asante dada. Kwahiyo nikinunua huko vipande vyangu tayari ni FSC?

KilwaKwetu: Hapana!! Hapo ndo wengi wanakwama. Karakana nayo inatakiwa cheti chake cha kufuatilia mzigo toka msituni mpaka kwa mteja, gogo likipita mkononi mwa mtu asiye nacho mnyororo umekatika na huruhusiwi kuandika FSC kwenye invoisi, hata kama limetoka Kikole. Tenga magogo yenye cheti na mengine, weka rejista ya yanayoingia na yanayotoka. Karakana ndogo mnaweza kuungana mkaomba kwa kundi.

Wakala_Bandarini: Mmesahau ile sheria mpya ya Ulaya ya kuzuia ufyekaji misitu, inataka kodineti za GPS za mahali mti ulipokatwa na msitu usiwe umefyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na cheti cha FSC hakikuondolei hilo. Chukua GPS siku ya kukata, usisubiri mzigo ufike bandarini. Halafu paleti ziwe na muhuri wa HT, yani mbao za paleti zimepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30, nimeona mzigo safi kabisa unakwama kwa paleti tu.

binti_misitu: Na kabla hujatoa hata shilingi muulize huyo Mjerumani kwa mwaka atachukua kiasi gani, na akuandikie. Kama ni oda moja ya kujaribu mwambie achangie ukaguzi wa kwanza, akikataa endelea na dalali wako huku unatafuta wenzako wa kuunda kundi.

Mpasua_Lindi: Namwandikia leo hii. Karakana za Lindi na Mtwara mnaopasua mpingo njooni PM tuongee hilo la kundi.